FAMILIA KWANZA (mambo muhimu tu)

[06:12] Da Mkubwa: Habari za asubuhi wanafamilia. Leo ni wiki ya 14 tangu nianze kuwafuata wale dila waliotuuzia gari kuhusu rikoli ya gari la Bibi, yaani kiwanda kuliita lirudi likarekebishwe hitilafu, na jibu ni lilelile, spea haijafika tutakupigia. Hawajawahi kupiga. Naomba kila mtu asome hii meseji hadi mwisho sio kuweka dole gumba mkapita

[06:13] Kitinda: 👍

[06:13] Da Mkubwa: Kitinda sitaki utani asubuhi hii

[06:20] Da Mkubwa: Kwa wale ambao za nyuma hawasomi. Kile kidude cha breki, cha ABS (inayozuia matairi yasijifunge ukikanyaga ghafla), maji ya breki yanaweza kuvujia ndani yake yakagusa umeme, ikapiga shoti, gari likashika moto HATA LIKIWA LIMEZIMWA. Barua ilisema lipakiwe nje, mbali na jengo. Sasa jana nasikia limelazwa chini ya dirisha la Bibi. Nani kaliweka pale??

[07:41] Da Mkubwa: Naona tiki za bluu 9

[08:55] Da Mkubwa: Sasa 11

[09:02] Mama Pacha: Dada mimi ndo nilisema lisogezwe, kulikuwa na mvua, nikaona Bibi asilowe akitoka

[09:10] Baba Mdogo: Hebu nielewesheni nyie mliosoma, gari limezimwa, funguo iko mfukoni, huo moto unatokea wapi? Au mnataka tu tuogope

[09:14] Binamu Rama: Shikamoo Baba Mdogo. Kuzima gari sio kukata betri. Ile moduli inakaa na umeme muda wote, ndo kama saa ya dashibodi, umewahi kuona imesimama ukizima gari?

[09:15] Baba Mdogo: Marahaba. Ya kwangu imesimama tangu siku ya kwanza

[09:15] Kitinda: 😂😂😂 hilo la kwako halina rikoli, lina marehemu

[09:16] Shemeji: 😂😂

[09:16] Da Mkubwa: Shemeji miezi miwili hujaonekana humu, umeibuka kucheka?

[09:31] Da Mkubwa: Ngoja niwaeleze jana ilikuwaje maana naona mnadhani nakaa tu. Nimepiga simu saa tatu, nimewekewa muziki dakika 25, akapokea kijana nikamweleza toka mwanzo, akaniambia subiri nikuunganishe na kitengo cha sevisi, muziki tena, akapokea dada, nikaeleza TENA toka mwanzo, akasema spea haijafika, nikamuuliza itafika lini, akasema hatujui kiwanda ndo kinajua, nikamuuliza basi nipo wa ngapi kwenye foleni, akanyamaza, halafu akaniuliza kwani gari lina kilomita ngapi maana wana ofa ya kubadilisha matairi. Nikakata

[09:33] Mama Pacha: Jamani 😳

[09:34] Baba Mdogo: Wa ofa wanapiga wenyewe, wa moto tunawapigia sisi

[09:40] Binamu Rama: Da Mkubwa ujue kazi ya rikoli mteja halipi, analipa mwenye kiwanda, na dila wengi wanalalamika kiwanda kinawalipa kidogo kuliko mteja wa dirishani. Kwa hiyo fundi mwenye gari mbili mbele yake, moja ya kulipia na moja ya rikoli, hebu kisia anaanza na ipi. Sisemi wote ila ndo hivyo

[09:42] Baba Mdogo: Mimi naona hizi rikoli ni biashara tu. Wanakutisha ukanunue jipya

[09:51] Binamu Rama: Hapana Baba Mdogo. Zile eabegi (mifuko ya hewa ya ajali) za kampuni ya Takata unazikumbuka? Kemikali ya kujaza ule mfuko ilikuwa inaharibika taratibu kwa joto na unyevu, miaka na miaka, halafu siku ya ajali, hata ndogo, kikopo chake kinapasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Marekani peke yake vikopo kama milioni 67 viliitwa, Takata yenyewe ikafilisika 2017. Na hao pia walisubirishwa, spea hazikutosha dunia nzima ikabidi wapange foleni, magari ya zamani ya kwenye joto na unyevu kwanza. Kwa hiyo kuchelewa kunaweza kuwa kwa kweli. Ila kutokuambiwa upo wa ngapi, huo ni uvivu

[09:53] Kitinda: Rama we ungekuwa mwalimu ningefaulu

[09:54] Da Mkubwa: Asante Rama. TURUDI KWENYE GARI LA BIBI. Na Alhamisi ana kliniki. Anaenda na nini?

[11:30] Da Mkubwa: Nauliza Alhamisi anaenda na nini

[12:48] Kaka Musa: Ndo naingia, nilikuwa kazini. Si aende na hilohilo, barua haikukataza kuendesha ilikataza kupaki ndani

[12:49] Da Mkubwa: Barua unaijua leo Musa? Barua iliyokaa kwako miezi 11?

[12:50] Kaka Musa: Nimeshasema nilidhani ni tangazo. Ina nembo ya kampuni ya gari, ina herufi nyekundu, yeyote angedhani ni ofa

[12:50] Da Mkubwa: Ilikuja kwako kwa sababu gari bado lina jina lako. Tulichanga wote, tukakubaliana liandikwe jina la Bibi, miaka minne sasa. Wanaandika kwa mwenye jina kwenye kadi Musa, hawaandiki kwa anayeketi ndani

[12:52] Kaka Musa: Tumeanza. Niambie tu kama tunaongelea breki au tunaongelea jenereta

[12:52] Da Mkubwa: Jenereta umeitaja wewe

[12:53] Mama Pacha: Jamani jenereta iacheni ilipo

[12:53] Kitinda: kwani iko wapi

[12:53] Mama Pacha: KITINDA

[12:58] Baba Mdogo: Kuna fundi wangu hapa anasema chomoa fyuzi ya ABS mambo yaishe

[13:05] Binamu Rama: Fyuzi isiguswe Baba Mdogo. Ukichomoa taa ya ABS inawaka, breki zinabaki za kawaida tu, siku ya utelezi Bibi akikanyaga ghafla matairi yanajifunga gari linaserereka. Unatoa hatari ya moto unaweka ya ajali

[13:06] Binamu Rama: Da Mkubwa fanya hivi. Sio lazima iwe dila yule, dila yeyote aliyeidhinishwa na hiyo kampuni anaruhusiwa kufanya rikoli, popote mlikonunulia. Na piga huduma kwa wateja ya kampuni yenyewe, sio dila, omba namba ya kesi, uulize pia kama wanatoa gari la kutumia wakati mnasubiri. Ukishakuwa na namba ya kesi dila anaongea vizuri ghafla. Hiyo namba ya chesisi nitumie niiangalie kwenye mtandao wao sasa hivi

[13:09] Da Mkubwa: (anatuma herufi na namba 17 za chesisi)

[13:15] Binamu Rama: Inasema haipo

[13:15] Da Mkubwa: Haipo vipi

[13:16] Binamu Rama: Gari kama hilo halipo. Ngoja

[13:21] Binamu Rama: Da Mkubwa hapa ya kumi na mbili umeandika herufi O au sifuri?

[13:22] Da Mkubwa: O. O ya Oscar

[13:22] Binamu Rama: Namba ya chesisi haina O. Wala I wala Q, hazitumiwi kabisa, zinafanana mno na 0 na 1. Hiyo ni sifuri au ni D. Dila ulimpa hii hii?

[13:40] Binamu Rama: Da Mkubwa?

[13:58] Kitinda: anaandika… anaacha… anaandika… 🍿

[14:02] Da Mkubwa: Nilimpa hiyo hiyo. Nilichukua kwenye voisi ya Musa, alisoma O

[14:03] Kaka Musa: Nilisoma O kama tunavyosoma namba ya simu dada! Nani anasema sifuri sifuri

[14:05] Binamu Rama: Mnagombana wenyewe kwa wenyewe mkiacha jambo kubwa. Kwa namba hii mfumo hauwezi kufunguka. Kwa hiyo wiki 14 wanakwambia spea haijafika ya gari ambalo HAWAJAWAHI kuliangalia. Hakuna hata mmoja aliyeiandika kwenye kompyuta, wangeona mara moja inakataa

[14:06] Baba Mdogo: Eeeh

[14:06] Shemeji: Duh

[14:07] Mama Pacha: Wiki 14 😳😳

[14:09] Da Mkubwa: Mara sita nimepiga. Mara mbili nimeenda mwenyewe nimekaa kwenye kile kiti. Yule dada alikuwa anagonga gonga kibodi ananiangalia usoni. Sasa alikuwa anaandika nini

[14:10] Kitinda: alikuwa anachati kwenye grupu la familia yao

[14:10] Baba Mdogo: 😂😂😂😂

[14:11] Baba Mdogo: Na wao wana gari la bibi yao

[14:30] Da Mkubwa: Chekeni. Barua yenyewe iko wapi, ile ina namba sahihi

[14:44] Mama Pacha: Dada usikasirike. Ilitandikwa kwenye droo ya vijiko, nilipohama nikatupa

[14:45] Da Mkubwa: …

[16:17] Bibi: Naandikiwa na Kitinda, ninamwambia aandike kama nisemavyo asiongeze. Nimesomewa yote. Hilo gari sikuliomba, mlilileta mkalifunga utepe. Babu yenu alikufa hajapanda gari la mkopo wala la mchango na alifika kila alipokwenda. Leo usiku halilali dirishani kwangu. Sitaki kujua nani alisema O. Musa lina jina lako, lilale mlangoni kwako. Nimemaliza.

[16:18] Kitinda: Sijaongeza hata nukta

[17:26] Kaka Musa: Nimesikia Bibi. Shikamoo

[17:31] Kaka Musa: Ila wajameni mnajua maegesho ya kwetu yako chini ya jengo, ghorofa nne juu yake. Si ndo palepale barua ilipokataza?

[17:33] Binamu Rama: Chini ya jengo haifai kabisa

[17:34] Kaka Musa: Basi nje ya geti? Na nje ya geti wanavunja vioo

[17:35] Baba Mdogo: Wakivunja litakuwa na jipya la kurekebishwa, mtapata foleni nyingine

[17:36] Da Mkubwa: Bibi ameshasema. Musa njoo ulitoe kwanza, pa kuliweka tutajua. Kwangu nje kuna nafasi ila Jumatano tu, wiki hii jirani anajenga. Rama wewe utapiga kwa kampuni kesho?

[17:58] Da Mkubwa: Rama?

[18:20] Binamu Rama: Nitapiga nikipata namba sahihi. Iko kwenye dashibodi karibu na kioo cha mbele upande wa dereva, na nyingine kwenye nguzo ya mlango. PICHA, sio voisi

[18:22] Da Mkubwa: Kitinda upo hapo kwa Bibi, toka ukapige

[18:22] Kitinda: kuna giza

[18:22] Da Mkubwa: Kitinda

[18:31] Kitinda: (picha)

[18:33] Binamu Rama: Naona taa ya simu yako na meno yako kwenye kioo. Piga ya mlangoni

[18:34] Kitinda: mlango umefungwa, funguo anazo Bibi na amelala

[18:35] Mama Pacha: Amelala saa hii?

[18:35] Kitinda: amesema amelala

[18:36] Da Mkubwa: Na Alhamisi bado hamjanijibu

[19:50] Shangazi: Shikamooni, simu ilikuwa kwenye chaji. Kliniki nitampeleka mimi, si ndo Jumanne?