Kama Mshtarii ni gesi tupu, chombo si kinapita mpaka ng'ambo?

Mzamiaji_Msimbati
Habari za jioni wakuu. Jana umeme ulikatika (ndiyo, gesi inatoka kwetu na umeme unakatika), tukakaa barazani. Binti yangu wa kidato cha kwanza akanionyesha Mshtarii, yeye anaiita Jupita. Anasema ni sayari ya gesi, haina ardhi. Sasa mimi gesi naijua, visima viko jirani. Mbona hailipuki? Na chombo kikirushwa kule, si kinapenya tu kama kwenye moshi?

KoroshoKavu
Tuvutiwe bomba basi, mkaa umepanda bei 😂

KibaruaWaBomba
Shikamoo mzee. Nilibeba zege wakati bomba linajengwa, kwa hiyo swali lako limenigusa. Gesi yetu karibu yote ni methani. Mshtarii ni haidrojeni na heli, methani kiduchu. Haidrojeni inawaka, lakini moto unataka oksijeni, na kule oksijeni huru hakuna. Funika jiko la mkaa uone.

Kupenya, haipenyeki. Desemba 1995 chombo kidogo cha Wamarekani, kilichoachiwa na chombo chao kikubwa Galileo, kiliingia kule. Kilishuka kilomita 150 hivi, kikatuma taarifa kama saa moja, kikanyamaza. Presha ilishafika mara 22 ya hapa ufukweni. Wewe unazamia pweza, unajua masikio yanavyouma mita kumi tu. Na mpaka katikati ni kilomita 70,000! Kadiri unavyoshuka gesi inabanwa, inakuwa kimiminika polepole, na huoni mahali pa kusema hapa ndipo sakafu.

Za miamba, yaani Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi, zina pa kukanyaga. Zuhura ina joto la nyuzi 460 na zaidi, lakini chombo cha Wasovieti kilitua 1970. Kule utaungua, ila utaungua umesimama.

Mzamiaji_Msimbati
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye masikio umenipata. Kwa nini sisi wa karibu na jua tukapewa mawe?

KibaruaWaBomba
Joto, mzee. Huku barafu haikuganda, vikabaki mawe na chuma. Kule mbali barafu iliganda, viini vikanenepa, vikavuta gesi iliyovizunguka.

Mzamiaji_Msimbati
Binti anauliza kile chombo kiko wapi sasa.

KibaruaWaBomba
Kiliyeyuka, kikawa mvuke. Nacho sasa ni gesi ya hukohuko.