Wenye wazee wa kitandani hapa Tanga, tupeane uzoefu

Bint Makorora: Ruhusa ya hospitali ikitoka, mzee wa kiharusi anarudishwa kwa bajaji na nyumbani hakuna anayejua aanzie wapi. Wekeni mnachokijua.

Muuguzi Chumbageni: Anzeni na ngozi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia. Asilazwe ubavu kamili, nyonga itabeba uzito wote. Mwegesheni kidogo, mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, wa tatu chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kumpandisha juu, watu 2 washike shuka alilolalia wamnyanyue. Mkimburuta anachubuka. Wakati wa kumwogesha pitisheni kiganja kitakoni, nyongani na visiginoni, maana kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani: pakiwa pa moto, pagumu au pamelegea kuliko pembeni, kidonda kimeanza ndani kwa ndani. Asipalalie tena.

Mtu wa Duga: Hapo mafuta ya nazi, sugua kwa nguvu damu itembee. Ndivyo wazee walivyotunzwa.

Muuguzi Chumbageni: Kaka, mafuta mpake. Kusugua palipoanza kuumia kunazidi kuharibu nyama ya chini.

Mtu wa Duga: Sawa, lakini mkono uliopooza usiponyooshwa unakakamaa.

Muuguzi Chumbageni: Hilo kweli. Ila msimvute kwa mkono huo, bega linachomoka.

Bi Pongwe: Na lile boya la duara la kukalia liondoeni, linabana damu pembeni.

Mwana Ngamiani: Mbona hamsemi kulisha? Chai ndiyo inayopalia, inateremka kabla koo halijajiandaa. Mkalisheni wima, kidevu kielekee kifuani, kijiko kidogo upande wa mdomo ulio mzima, ameze ndipo kingine. Akae wima nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila mlo au sauti ikawa ya majimaji, chakula kinaingia mapafuni, arudi hospitali.

Shehe Mdogo: Mdomo ukienda upande ghafla ni upepo, asomewe kwanza.

Bi Pongwe: Mwanangu, dua msome ndani ya gari. Mdomo, mkono mmoja kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika: hizo ni dalili za kiharusi, ni hospitali ya Bombo saa hiyohiyo. Shikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, daktari ataiuliza. Asinyweshwe kitu, hata kidonge cha presha.

Mwana Ngamiani: Hasa kidonge. Presha ikishushwa ghafla ubongo unakosa damu zaidi.

Mtu wa Duga: Na pesa? Pemba ng'ambo hapo, mwenye miaka 70 ana Pensheni Jamii, pesa ya uzeeni ya serikali ya Zanzibar, tangu 2016. Huku bara mvuvi aliyezeeka hana mfuko aliochangia, anamtegemea mwanawe.

Bint Makorora: Tena binti mmoja! Wengine wako Dar wanatuma salamu.

Bi Pongwe: Walio Dar wamlipe mtu wa zamu ya usiku. Kumgeuza kila baada ya saa 2 hakuwezekani kwa mtu mmoja.