Keki ya Utando wa Buibui kabla ya Jumamosi

ALHAMISI

[saa 2:05 usiku] Mama Tumaini: Hamjambo nyote. Shikamoo Mama. Jamani nina jambo la haraka. Tumaini amealikwa sherehe ya Halloween Jumamosi hii, tarehe 31, kwa rafiki yake wa darasani. Kila mtoto anatakiwa aje na chakula cha kutisha. Yeye amejitolea kuleta kitindamlo, na kaniambia leo, hata viatu sijavua. Oveni yangu imekufa tangu wiki iliyopita. Nisaidieni.

[saa 2:07] Bibi: Marahaba mwanangu. Kitindamlo ndiyo nini?

[saa 2:07] Mama Tumaini: Kitu kitamu cha kula baada ya chakula, Mama.

[saa 2:09] Dada Mkubwa: Oveni huihitaji kabisa. Una friji nzima?

[saa 2:09] Mama Tumaini: Friji ipo, inapoza vizuri.

[saa 2:10] Dada Mkubwa: Basi umeshapona. Ngoja nimlaze mtoto nakuja.

[saa 2:14] Neema: Shangazi, fanya makaburi! Unaponda biskuti za chokoleti zinakuwa udongo, chini unaweka krimu ya chokoleti, halafu unasimamisha biskuti ndefu kama mawe ya makaburi na kuziandika. Unamalizia na minyoo ya jeli inayochungulia. Ni rahisi na watoto wanaipenda mno

[saa 2:20] Mama Tumaini: Ni wazo zuri Neema, na najua ungeipamba vizuri. Ila Tumaini bado anamlilia Babu. Juzi usiku aliamka akaniuliza kama kule chini kuna baridi. Sitaki akae mezani aandike biskuti za makaburi. Tutafute kitu kingine.

[saa 2:21] Neema: Samahani sana shangazi, sikufikiria

[saa 2:21] Mama Tumaini: Huna kosa mwanangu.

[saa 2:24] Bibi: Asante kwa hilo. Mtafutieni mtoto kitu cha kuogofya kidogo tu, cha kucheka nacho.

[saa 2:31] Baba Neema: Nimechelewa kusoma. Hii Halloween yenyewe maana yake nini hasa? Naona kila mwaka watoto wanavaa vitambaa vyeupe.

[saa 2:35] Neema: Baba, jina linatokana na mkesha wa Watakatifu Wote, kwa sababu sikukuu yenyewe ni tarehe 1 Novemba. Kabla ya hapo Waselti, watu wa kale wa Ireland na Uskoti, walikuwa na Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa msimu wa giza. Baadaye watu wa huko wakawa wanachonga tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo, na kuweka taa ndani. Waayalandi walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, ndiyo hayo tunayoyaona siku hizi

[saa 2:37] Bibi: Kumbe chanzo ni mavuno. Basi sawa.

[saa 2:48] Dada Mkubwa: Nimerudi. Fanya keki ya jibini isiyookwa, juu uimwagie chokoleti nyeusi na kuchora utando wa buibui mweupe. Inatisha kwa mbali, kwa karibu inapendeza. Nakuandikia vipimo vya chombo cha sentimita 20, kile ambacho ubavu wake unafunguka:

biskuti za chokoleti gramu 200
siagi gramu 100
jibini laini la kupaka gramu 500
maziwa mazito matamu kopo moja, lile la karibu gramu 400
juisi ya limau mililita 80 hadi 100
chokoleti nyeusi gramu 100 na krimu mililita 100
chokoleti nyeupe gramu 60 hivi ya utando

[saa 2:50] Mama Tumaini: Yai hakuna? Jelatini hakuna?

[saa 2:56] Dada Mkubwa: Hakuna. Hii ndiyo sababu nimekuchagulia hii. Kwenye sherehe ya watoto hujui nani hali jelatini. Hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi mnyama mwenyewe ni nguruwe, kwa hiyo usimpe mtoto wa mwenzio bila kuuliza. Hapa kinachogandisha ni limau. Asidi yake inashika protini za maziwa na za jibini, mchanganyiko unakuwa mzito wenyewe bila moto. Utauona ukibadilika mbele ya macho yako ukiwa bado unakoroga.

[saa 2:58] Bibi: Hilo la limau na maziwa mbona nalijua tangu utoto. Usimwage lote kwa mpigo. Weka kidogo, koroga, weka tena.

[saa 2:59] Dada Mkubwa: Umesikia. Na jibini litoke kwenye friji mapema, saa moja kabla. Likiwa baridi litakuachia vidonge ambavyo hutavimaliza hata ukoroge mpaka asubuhi.

[saa 3:04] Neema: Shangazi tunaweza kuongeza jeli ya kijani ya nanasi pembeni? Kama kinamasi

[saa 3:09] Dada Mkubwa: Nanasi bichi hapana. Lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinakatakata protini ya jelatini na jeli haigandi. Papai na kiwi vivyo hivyo. Mimi nilishasubiri jeli ya kiwi usiku kucha, nikafungua friji kila saa, asubuhi nikakuta maji matamu ya kijani, na wageni wako njiani. Nilitaka kulia. Nanasi la kopo halina shida kwa kuwa limeshapata moto, na moto unaua hicho kimeng'enya.

[saa 3:10] Neema: Nikitumia agari je?

[saa 3:13] Dada Mkubwa: Agari ni mwani, haina protini ya kukatwa, lakini lazima ichemke kabisa ndipo ifanye kazi. Kwa Jumamosi tuache kinamasi. Kitu kimoja kifanywe vizuri.

[saa 3:20] Baba Neema: Nimeona watu wanatia unga wa mkaa wa dawa ili keki iwe nyeusi tii. Ninao nyumbani, nilete?

[saa 3:22] Dada Mkubwa: Usilete. Mkaa ule hospitali wanautumia kwa baadhi ya sumu kwa sababu unanasa vitu tumboni, na dawa pia unazinasa. Mama anakunywa vidonge vya presha kila siku na lazima ataonja hii keki. Kakao ya kutosha na chokoleti nyeusi zinatosha kuleta weusi.

[saa 3:23] Baba Neema: Nimeelewa. Sikujua. Naurudisha kabatini.

[saa 3:25] Bibi: Ni kweli nitaonja.

IJUMAA

[saa 12:40 jioni] Mama Tumaini: Tumeanza. Biskuti tumezitia kwenye mfuko na Tumaini anazigonga kwa kifimbo cha kusukumia. Ziwe laini kiasi gani?

[saa 12:42] Dada Mkubwa: Kama mchanga uliolowa ukishachanganya na siagi. Ukifumba kiganja zishikane. Zikimwagika ongeza kijiko cha siagi. Kandamiza kwa kitako cha glasi, hasa pembeni maana ndipo huwa panavunjika, kisha friji dakika 20.

[saa 1:15 usiku] Mama Tumaini: [picha] Angalieni! Limau limeingia na kweli umekuwa mzito. Tumaini kapiga kelele "unaganda!" Kaomba akoroge yeye mwenyewe mpaka mwisho.

[saa 1:16] Bibi: Mpe akoroge.

[saa 1:40] Mama Tumaini: Imeingia friji. Saa ngapi itakuwa tayari?

[saa 1:43] Dada Mkubwa: Ilale. Muda wa saa sita ni kiwango cha chini, usiku mzima ndiyo salama yako. Usiiweke kwenye friza ukitaka kuiharakisha, itaganda nje na ndani ibaki uji, na ikiyeyuka itatoa maji. Ifunike, jibini linabeba harufu ya kila kilichomo mle ndani.

[saa 1:50] Neema: Na macho! Laichi za kopo, yale matunda meupe ya mviringo, unazikausha, kwenye lile tundu la kokwa unaingiza bluberi moja. Zinakutazama kweli kweli

[saa 1:52] Mama Tumaini: Uuuh. Hizo tunafanya. Tumaini karuka juu.

[saa 1:55] Dada Mkubwa: Atakuwepo mtoto mdogo pale?

[saa 1:56] Mama Tumaini: Mdogo wa mwenye sherehe ana miaka mitatu.

[saa 2:01] Dada Mkubwa: Basi macho yasifike kwenye sahani yake. Kitu cha mviringo, laini na chenye utelezi kinaziba koo la mtoto wa umri huo kikamilifu. Zabibu mbichi nazo kwa walio chini ya miaka mitano zikatwe kwa urefu, vipande vinne, si nusu mbili. Naomba umwambie mama yake kwa mdomo, usitegemee ujumbe. Nalisema kwa uzito kwa kuwa nimeshamwona mtoto akibadilika rangi mezani, na watu wazima sita tumekaa.

[saa 2:03] Mama Tumaini: Nampigia simu sasa hivi.

JUMAMOSI

[saa 2:20 asubuhi] Mama Tumaini: Shikamoo Mama. Keki imeshika vizuri! Nimeitikisa haichezi.

[saa 2:22] Bibi: Marahaba. Mungu mwema.

[saa 2:25] Dada Mkubwa: Sasa chokoleti. Krimu ipate moto mpaka pembeni paanze kutoa mapovu, imwage juu ya chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa, iache dakika mbili bila kuigusa, kisha koroga taratibu kuanzia katikati. Usiimwage ikiwa ya moto, itayeyusha keki. Chovya kidole, usipohisi moto wala baridi ndiyo saa yake. Nyeupe iyeyushe kwenye bakuli juu ya maji ya moto. Bakuli lisiguse maji.

[saa 3:02] Mama Tumaini: Dada. Nyeupe imeharibika. Imekuwa kama unga uliokandwa, mabonge mabonge. [picha]

[saa 3:02] Mama Tumaini: Nyeusi iko tayari na inapoa. Sina chokoleti nyeupe nyingine.

[saa 3:03] Dada Mkubwa: Tulia. Kijiko kilikuwa na maji?

[saa 3:03] Mama Tumaini: Nilikiosha tu nikakitumia.

[saa 3:06] Dada Mkubwa: Ndicho. Matone mawili ya maji yanatosha, sukari na unga wa maziwa vilivyomo vinashikana vinakuwa saruji. Usiitupe. Pasha krimu vijiko viwili, tia kijiko kimoja kwanza, koroga kwa nguvu. Itakuonyesha sura mbaya zaidi, usiogope, tia cha pili.

[saa 3:11] Mama Tumaini: IMERUDI. Imekuwa laini inang'aa!

[saa 3:14] Dada Mkubwa: Haitakauka tena ikawa ngumu, lakini kwa utando ni afadhali. Chokoleti tupu ingekakamaa, na ukikata keki utando wote ungevunjika vipande. Hii itakatika sambamba na keki. Tangu leo mimi mwenyewe nitatia krimu makusudi. Haya, mwaga nyeusi, inamisha chombo ienee. Nyeupe itie kwenye mfuko, kata kona ndogo sana, chora mduara mmoja katikati, kisha mwingine kuuzunguka, mpaka ukingoni. Mitano inatosha. Chukua kijiti cha meno, vuta kutoka katikati kwenda nje, futa kijiti, vuta tena. Mara nane au kumi na mbili. Yote hayo kabla nyeusi haijashika.

[saa 3:31] Mama Tumaini: [picha]

[saa 3:31] Neema: SHANGAZIIII

[saa 3:32] Baba Neema: Huo ni utando hasa. Nani kachora?

[saa 3:33] Mama Tumaini: Miduara mimi. Kuvuta ni Tumaini peke yake. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

[saa 3:35] Bibi: Nimeivuta picha niione vizuri. Ana mkono wa babu yake, ndivyo alivyokuwa akichonga.

[saa 3:36] Mama Tumaini: Nimemsomea. Kanyamaza, kisha kaniambia nikusomee hivi: "Bibi, na buibui nitamtengeneza mimi."

[saa 3:50] Mama Tumaini: Buibui tumemfinyanga kwa biskuti zilizobaki, maziwa matamu kijiko kimoja na kakao. Miguu nimeichora kwa chokoleti nyeusi juu ya karatasi ya kuokea, imo frijini. Nilichora sita, Tumaini kanisahihisha, buibui ana minane na wala si mdudu. Nimeongeza miwili.

[saa 3:52] Dada Mkubwa: Yuko sahihi kabisa 😄 Keki itoe friji dakika ya mwisho. Mezani isikae zaidi ya muda wa saa mbili, ina jibini na maziwa, na kama ni joto kali basi saa moja tu. Kisu kiingie maji ya moto, kikaushe, kata, futa, kisha kata tena.

[saa 12:15 jioni] Mama Tumaini: Tumerudi. Imeisha. Vipande 12, na wawili waligawana kimoja. Yule mdogo wa miaka mitatu alikula kipande chake bila jicho, alifurahi kumpata buibui. Nilikuwa nimekata kipande cha Mama mapema nikakiacha nyumbani, kina utando wote.

[saa 12:17] Bibi: Mje nacho kesho. Tumaini aje pia.

[saa 12:20] Mama Tumaini: Tunakuja. Dada, mama mwenye sherehe anaomba vipimo, mwanawe anataka ya siku yake ya kuzaliwa. Limau nilitumia ngapi vile? Nimesahau.

[saa 12:21] Dada Mkubwa: Idadi haisaidii, malimau hayafanani. Mwambie apime mililita 80, akoroge, aonje, ndipo aongeze. Na kijiko kiwe kikavu.