Tupeane uzoefu: raba nyepesi za kukimbilia zenye dropu ndogo, ulichaguaje na mguu uliipokeaje?

Mleta uzi:
Wakuu habari za asubuhi. Naomba hapa tuongee tuliyoyapitia wenyewe, matangazo tuyaache. Mimi nakimbia Dar, kilomita 25 mpaka 30 kwa wiki, alfajiri kabla ya kazi. Kwa asiyejua, dropu ni tofauti ya unene wa soli kati ya kisigino na chini ya vidole. Raba nyingi tulizozoea zina milimita 10 hadi 12, yaani kisigino kimenyanyuliwa muda wote, dropu ndogo ni kuanzia 4 kushuka, na ziro ni usawa mmoja kama uko peku.

Mimi nilielewa siku fundi viatu aliponikatia raba yangu iliyokufa katikati kwa msumeno wa chuma. Tukaweka rula, kisigino milimita 31, mbele 19. Hapo ndo nikajua kwa nini kila hatua natua na kisigino, na goti la kulia lilikuwa linanisumbua kila nikifika kilomita ya 8. Nikahamia dropu 4, goti likatulia, ila miezi miwili ya mwanzo vigimbi viliwaka moto, kushuka ngazi asubuhi mpaka nishike ukuta. Mzigo haupotei jamani, unahama kutoka gotini unaenda kwenye kigimbi na mshipa wa kisigino, na hilo muuzaji hakwambii. Karibuni.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu umegusa penyewe. Mi nanunua mtumba Karume na vipimo vyangu ni vya mkono. Nashika kisigino huku, ncha kule, nakunja, lazima ipinde pale vidole vinapoanzia, ikivunjika katikati ya unyayo naiacha. Halafu naisokota kama nakamua dekio. Halafu nabonyeza soli kwa pembeni na kidole gumba, povu zima linabonyea linarudi, likiwa gumu kavu hiyo imekaa stoo miaka, achana nayo hata kama kwa juu inang'aa kama mpya. Jina la modeli linaandikwaga kwenye lebo ndani ya ulimi, natafuta kwenye simu hapohapo nijue dropu, maana kwa macho utadanganyika, soli inaweza kuonekana nene nyuma kumbe mguu unakaa ndani chini zaidi. Saucony Kinvara ya kwanza niliipata hivyo, dropu 4, nyepesi mno.

Mchangiaji wa 3:
Mimi ni mama wa watoto wawili, baada ya kujifungua mguu ulipanuka, nikatoka 38 nikaenda 39 na bado kidole kidogo kinabanwa. Kilichonisaidia ni kutoa ile soli ya ndani, naiweka chini nasimama juu yake, vidole vikimwagika pembeni sinunui hata muuzaji aseme itaachia. Na naenda dukani jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo. Sasa navaa Altra, dropu ziro na mbele pana, kucha zimeacha kuwa nyeusi, nashukuru sana.

Mchangiaji wa 4:
Nawaomba msiige kosa langu. Nilitoka kwenye dropu 12 nikanunua zile nyembamba kabisa za ziro, wiki ileile nikapiga kilomita 10 za lami kwa sababu miguu ilikuwa inajisikia myepesi yaani raha tupu. Wiki ya tatu juu ya unyayo pakaanza kuuma, nikabonyeza sehemu moja nikaruka, eksirei ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Wiki 6 bila kukimbia.

Mchangiaji wa 5:
Pole sana ndugu. Mimi niko Nairobi, nakimbia msitu wa Karura, na kila mtu hapa anamtaja Abebe Bikila, yule Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 akiwa peku, kwa saa 2:15:16. Sawa, lakini huyo miguu yake ilizoea kitambo, na Tokyo 1964 alivaa viatu akashinda tena kwa 2:12:11. Hata ule utafiti wa mwanasayansi Lieberman wa 2010 uliopima wakimbiaji wa Rift Valley ulionyesha waliokua peku mara nyingi wanatua kwa mbele ya unyayo, sasa wewe umekaa ofisini na viatu vya ngozi miaka 15, huwezi kununua huo unyayo dukani.

Mleta uzi:
Mchangiaji wa 4 pole, na asante kwa kusema wazi. Walioniuliza inbox, mimi nilianza na dakika 10 tu mara mbili kwa wiki, kwenye nyasi au mchanga mgumu pale ufukwe wa Coco maji yakitoka, siku nyingine zote navaa raba ya zamani, na nilikuwa naongeza dakika 5 pale tu kigimbi kinapoamka bila maumivu. Sasa swali langu, mvua zikianza barabara yetu inajaa kokoto na hizi soli nyembamba kila jiwe unalihisi. Kuna aliyepata yenye dropu ndogo ila soli ya chini ina meno na bado inapinda?