Mafundi Moshi, acheni kuunga dairekti ulinzi wa amplifaya. Mmeniulia transista!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha.

Nilipeleka amplifaya yangu ya kurushia redio ya HF (mawimbi mafupi), ya wati 1,000, kwa fundi mmoja hapa mjini abadilishe feni. Feni tu. Ikarudi na feni mpya, akaniambia, "Mkuu, nilivyokuwa naijaribu ilikuwa inajizima-zima, nimekurekebishia na hiyo."

Kumbe alikuwa anaijaribu bila antena wala dami lodi (mzigo wa majaribio unaomeza nguvu badala ya antena)! Nguvu ikakosa pa kwenda, ikarudi, ulinzi ukaiona, ukakata. Ndiyo kazi yake. Yeye akaona huo ni ubovu.

Nimefungua kifuniko baada ya maafa. Kipande cha waya mwekundu kimelehemiwa hovyo, kinatoka kwenye laini inayosoma nguvu inayorudi kwenda graundi. Yaani saketi inasoma sifuri muda wote. Mvua za masika hapa chini ya mlima mnazijua. Maji yakaingia kwenye plagi ya kebo huko juu kwenye antena. SWR (kipimo cha antena kutolingana na mashine) ikipanda mpaka 3:1 tu, robo ya nguvu inarudi, kwa mashine hii ni kama wati 250. Mita ikanionyesha antena safi kabisa! Nikapiga FT8 (mawasiliano ya redio ya kidijitali), fyuzi ya laini ya 50 V ikakata. Kupima transista, dreni na sosi (miguu yake miwili) zimeshikana, yaani imekufa.

Msije kuniambia LDMOS (aina ya transista hizi) zinavumilia SWR ya 65:1. Someni datashiti vizuri, kipimo kile ni cha mipigo mifupi sana. FT8 inasukuma karibu sekunde 13 mfululizo kila zamu. Joto linajaa kwenye kipande kidogo cha silikoni kabla hata aluminiamu ya nyuma ya kupoozea haijapata moto mkononi.

Ndiyo maana ulinzi wa maana hausubiri rilei (swichi ya sumaku), kwa sababu rilei inachukua milisekunde kadhaa kufunguka. Kwanza unaondoa bayasi ya geti (volti inayoiwasha transista) ndani ya maikrosekunde, halafu rilei inafuata, na unabaki umejifunga mpaka mwenye mashine aureseti mwenyewe. Kuna sensa ya joto, kuna ya mkondo, kuna ya nguvu inayoingia, maana redio nyingine hutema mpigo mkubwa mwanzoni kabla ALC (saketi ya redio inayodhibiti nguvu) haijaishika, na geti za hizi transista zinakufa kwa volti chache tu zilizozidi.

Mashine ikikata, pima antena, pima kebo, angalia kama filta ni ya bendi unayopigia. Usimzibe mdomo aliyekuambia kuna hatari halafu umtoze mteja hela ya "matengenezo"!

Mwenye kumjua fundi Moshi au Arusha aliye na dami lodi ya omu 50 inayobeba wati 1,000 aniambie hapa. Na wewe uliyeweka huo waya, unajijua na namba yangu unayo. Nataka transista yangu.