Damu 8.5 na mimba ya miezi mitano, vidonge vyanisumbua

BintiLangoni: Asalaam aleykum, kliniki nimepimwa wingi wa damu (hemoglobini) ikaja 8.5, nikapewa vidonge vya ayani (chuma) na foliki (vitamini), sasa nikimeza tumbo lanisokota na choo cheusi kama lami, niache ama?

MamaShela: Waaleykum salaam mwanangu usiache! Choo cheusi ni hiyo chuma tu. Meza usiku ukishakula kidogo, teremshia maji ya ndimu, na chai ya maziwa iweke mbali kama masaa mawili hivi, chai yazuia chuma isiingie mwilini. Najua sisi na chai 😂

Baharia_Mld: mpe juisi ya bitiruti wiki moja tu atapona

Nesi_Pwani: @Baharia hapana kaka, bitiruti pekee haitoshi. Mjamzito anatakiwa damu iwe 11 kwenda juu, kwa hiyo vidonge lazima, pamoja na dagaa, nyama, kunde, mchicha. Dada, waambie wakupime malaria na minyoo pia, na kama kwenu kuna sikoseli (ugonjwa wa damu wa kurithi) sema mapema. Moyo ukienda mbio ama ukihema umekaa tu, nenda hospitali hapo hapo usingoje tarehe ya kliniki.

BintiLangoni: Shukran, ya chai ndo ngumu