Nimeuziwa boljointi feki ya usukani kwa bei ya orijino, na duka linasema kosa ni kuifunga nyumbani

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, ingawa nitajitahidi isinipotoshe kwenye maelezo, kwa sababu jambo lenyewe linahusu kifaa ambacho kikiachia njiani hakuna ujuzi wa dereva utakaosaidia. Duka moja la spea hapa Arusha, ambalo kwa sasa sitalitaja, limeniuzia boljointi (kiungo chenye gololi inayozunguka ndani ya kikombe) ya tairodi ya Land Rover Defender 110 kwa bei ya orijino, ikiwa ndani ya boksi lenye nembo na stika inayong'aa, nayo imekufa kabla hata rangi yake haijachubuka. Nilipoirudisha, hakuna aliyeuliza ina tatizo gani. Nilichoulizwa ni nani ameifunga, na nilipojibu kwamba nimeifunga mwenyewe nyumbani, muuzaji aliwageukia wateja wengine akacheka.

Basi tulizungumzie hilo la kufunga nyumbani, kwa kuwa ndilo jibu pekee walilonipa.

Wenye Defender wanafahamu kwamba tairodi ni ile fito ndefu inayolala nyuma ya ekseli ya mbele na kuunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kila ncha ina boljointi yake, moja ikiwa na uzi wa kawaida na nyingine uzi wa kushoto, ili fito ikizungushwa magurudumu yote mawili yabadilike kwa pamoja. Kubadilisha boljointi moja si kazi ya kutisha kwa mtu mwenye jeki, stendi imara, pula (kifaa cha kuchomolea) na subira. Nilichomoa kotapini, yaani kipini kinachozuia nati isifunguke, nikalegeza nati, kisha nikaiachisha pini ya boljointi kwa pula badala ya kuupiga mkono wa ekseli nyundo kama inavyofanyika katika gereji nyingi za kando ya barabara, ambazo ndizo muuzaji huyu anataka tuziamini zaidi. Nililegeza klampu, nikahesabu mizunguko wakati wa kuitoa ile ya zamani, na mpya ikaingia kwa mizunguko ileile. Tundu la pini nililisafisha hadi likabaki chuma kitupu, maana grisi au kutu ikibaki mle ndani pini haikamati sawasawa. Nati niliikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi Nm 40, nikaongeza kidogo tu mpaka tundu la kotapini likalingana, nikaweka kotapini mpya na kuikunja. Baada ya hapo gari lilipelekwa kupimwa alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, na karatasi ya vipimo ninayo.

Sasa nauliza: kosa la ufungaji lingejitokeza wapi? Lingeonekana kwenye pini inayotikisika ndani ya tundu lake, au kwenye uzi ulioharibika, au kwenye tairi zinazolika upande mmoja. Hakuna hata kimojawapo. Kilicholegea ni gololi ndani ya kikombe chake, mahali ambapo mfungaji hagusi kabisa, kwa sababu boljointi hii huja ikiwa imefungwa kiwandani na haina hata tundu la kupigia grisi.

Dalili zilianza kwenye barabara ya vumbi kutoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka. Kwenye rasta, ile mikunjo ya barabara ya vumbi, usukani ulianza kugonga mikononi, na gari likawa linataka kusahihishwa kila mara ili lifuate mstari. Tuliposimama, mwenzangu aliuchezesha usukani kidogo kushoto na kulia huku mimi nikiwa nimeishika boljointi kwa kiganja, na mlio ule haukuhitaji fundi wa kuutafsiri. Tulirudi mwendo wa pole sana. Ikumbukwe kwamba pini hiyo ikichomoka, usukani hubaki umeshika gurudumu moja tu, na lile la pili huelekea linakotaka.

Nyumbani niliikata kwa msumeno wa chuma, na ile ya zamani nikaikata pia ili nilinganishe. Ya zamani imelika kwa haki yake: gololi ingali laini na ya duara, na kikombe kimepungua sawasawa pande zote. Hii mpya ina kikombe cha plastiki ambacho ukikibonyeza kwa kucha kinaacha alama. Plastiki yenyewe si kosa, kwani boljointi nyingi nzuri hutumia plastiki ngumu. Hii imemeguka vipande kama ganda la yai. Uso wa gololi una mikwaruzo ya mashine inayohisika kwa kidole, grisi iliyokuwemo haifiki hata nusu ya kijiko cha chai, na raba ya kuzuia vumbi imepasuka kwenye mkunjo. Chini ya rangi kuna mstari wa kalibu, yaani mshono wa ukungu uliotengenezea chuma, ulioachwa bila kusagwa, mahali ambapo ya zamani ni laini.

Suluhisho walilonipa dukani linanikera kuliko hata kicheko chao: waliniambia ninunue shokapu mpya ya usukani, eti ndiyo itakayoondoa kugonga. Shokapu hiyo hupunguza mtikisiko unaofika mikononi. Boljointi iliyolegea itaendelea kulegea, ila dereva hatahisi tena. Kumuuzia mtu kitu kinachoficha hatari uliyomuuzia wewe mwenyewe ni ufidhuli ambao sina jina lake.

Nikaonyeshwa pia maandishi chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo hayafuti sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuweka nembo ya mtu mwingine kwenye bidhaa bandia. Anayesimamia hilo ni Tume ya Ushindani, FCC, nami nimeshaandika barua. Nitaipeleka pamoja na vipande vilivyokatwa, boksi, stika na risiti ya EFD, ambayo nililazimika kuidai mara mbili kabla ya kupewa.

Ombi langu kwenu ni mahususi. Aliyenunua boljointi ya Defender siku za karibuni alale chini ya gari lake na kukagua raba kwenye mikunjo, kisha atafute ule mstari wa kalibu ubavuni, hata kama gari halijaanza kugonga. Ukiukuta, weka picha hapa pamoja na picha ya boksi, bila kutaja duka, ili nizichapishe na kuziambatanisha na barua. Na yule mwanajukwaa atakayekuja kuniambia "ungepeleka gereji", tafadhali asome kwanza aya ya nne.